Kila Ukipiga Simu, Ninaoga

Mjukuu wangu Kiherehere,

Barua yako imefika na imenikuta mzima, ninakula, ninatembea, na meno niliyobakiza yanatosha kukung'ata ukirudi. Nawe natumaini u mzima, unalala mapema, na huvai zile blauzi nyepesi kwenye baridi uliyoniandikia. Ukiugua huko usinilaumu, nimeshakuonya. Fundi viatu wa hapa mlangoni anakusalimu sana, anasema ile sandali uliyomwachia gundi bado imeshika, kilichokosekana ni mguu. Shangazi yako naye hajambo, mdomo wake uko palepale. Habari za baba yako ndizo zilizonikalisha chini niandike, lakini usirukie huko. Soma kwa utaratibu, kama unavyosoma hivyo vitabu vyako. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama ng'ombe mlevi. Mimi niliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu mwalimu mwenyewe alikuwa hapendi kuja.

Kwanza nijibu malalamiko yako. Unasema kila ukipiga simu anapokea fundi viatu, anakwambia bibi anaoga. Unauliza huyu ni bibi gani anayeoga asubuhi, mchana na jioni, amekuwa samaki? Kwani kuoga siku hizi ni kosa? Mlitaka ninuke? Hilo la simu liache kwanza. Nitalirudia mwishoni, nikipata moyo.

Halafu hayo masomo yako. Umejaza kurasa nzima kunieleza jinsi miili ya wanyama ilivyogeuka kizazi kwa kizazi, eti manyoya ya ndege mwanzo hayakuwa ya kurukia, yalikuwa ya kutunza joto, na kuruka kulikuja baadaye sana kukayakuta manyoya yapo tayari. Na eti vile vimifupa vidogo vya ndani ya sikio, tunavyosikilizia, kwa wale wa kale kabisa vilikuwa mifupa ya taya, ya kutafunia, vikapungua, vikasogea nyuma pole pole, mpaka vikawa mali ya sikio. Na hakuna aliyepanga. Kitu kinakuja kwa kazi moja, kinakaa, siku moja kazi nyingine inakikuta hapo. Nilicheka mpaka fundi viatu akaweka nyundo chini. Nikamuuliza kama taya lake limewahi kutaka kuwa sikio. Akanijibu kwamba kwake nyumbani mambo yamekwenda kinyume, sikio la mkewe ndilo lililogeuka taya, kila linachosikia linatafuna. Tukasema, mtoto tumempeleka akasome, anatuletea habari za mataya. Lakini fundi alipofunga kazi nikabaki peke yangu, ukurasa ule niliurudia, nikaurudia tena. Utajua kwa nini.

Sasa baba yako.

Baba yako amefuga ndevu. Najua hapo umecheka. Mwanamume yule tangu aote ndevu ya kwanza hajapitisha asubuhi bila wembe, hata siku ya kumzika mama yako alinyoa, akajikata. Sasa akafuga, na wala si zile ndevu za kupunguzwa za vijana. Akafuga kichaka. Kilianzia chini ya macho kikashuka hadi kwenye kola ya shati, na masharubu yakaufunika mdomo kama pazia la bafuni. Juu yake akajifunga skafu, jua linachoma watu utosini. Nilimwambia anyoe. Akanijibu kitu humo humo ndani ya kichaka, sikukipata. Nikamwambia aseme vizuri, afungue mdomo kama nilivyomfundisha. Akanung'unika tena, akatazama pembeni, akaweka sukari na sabuni juu ya meza akaondoka.

Ikawa ndiyo desturi. Anakuja, anatazama ukuta, ndevu zinacheza cheza, anaondoka. Mtu ambaye soko zima linamwita Redio kwa sababu hazimwi! Wewe umemwona akiwa juu ya lile sanduku lake, ameshika koti la mtumba, ananadi mpaka mtu aliyekuja kununua soksi anarudi nyumbani na koti, soksi kasahau. Tangu mama yako atutoke, sauti ile ndiyo iliyokuwa mwenzake. Sasa mtu wa namna hiyo akija kwa mama yake akawa ananung'unika kwenye nywele, mama atafikiri nini? Mimi nilifikiri mwanamke. Nikasema kuna mwanamke anayependa ndevu za mbuzi, na amemwambia mama yake asimjue.

Nikavaa viatu nikamfuata sokoni. Nilimkuta juu ya sanduku, shati amelitupa begani, anapiga makofi kuita watu. Wanunuzi wa mbele walikuwa wameweka viganja nyuma ya masikio. Mama mmoja muuza ndoo akamwambia mwenziwe kwamba Redio betri zimekwisha, atafutiwe nyingine, wakacheka. Mimi sikucheka. Nilipenya katikati yao nikasimama chini ya sanduku, nikamwambia mbele ya wote kwamba mtu mwenye mdomo safi haufichi, na kama kuna mwanamke basi anyoe amlete nimwone. Soko lote likaangua kicheko. Nilitaka acheke naye, au anijibu kwa ukali. Badala yake alishuka, akanishika mkono wa juu, akanitoa hadi barabarani. Pale akaniinamia akaongea, akaongea sana. Niliona nywele zinatikisika kama majani panya akipita. Nilimwangalia mtoto niliyemzaa, na sikujua ananiambia nini.

Shika maneno hayo, Kiherehere, uyaweke.

Shangazi yako ndiye aliyeniambia kwamba sauti ya kaka yake imekwaruza, imekuwa kama mlango wenye kutu, na nilikuwaje sijaona. Nikamwambia nimeona zamani, nilikuwa namwacha. Akamlazimisha kwenda hospitali, na mimi nikasema siachwi nyuma.

Kabla sijafika hospitali lazima nikueleze vita vyangu na shangazi yako, kwa sababu vinaingiliana. Mwaka huu wote amekuwa akitaka kunihamisha. Siku moja alinikuta nashona, bomba nyuma yangu limeachwa wazi, beseni limefurika, maji yamefika chini ya kitanda. Siku nyingine akakuta birika limekauka kwenye jiko, kitako chekundu, na mimi nipo hapo hapo nachambua mchele. Tena akagonga mlango mpaka majirani wakatoka, na mimi ndani nimekaa kwenye kiti changu. Akaanza kunong'ona na watu kwamba mama akili zinamtoka. Anataka nikakae kwake ghorofani, kwenye kile chumba cha stoo, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Alinikuta nimefunga kitambaa chekundu juu ya kitasa cha mlango, akauliza cha nini. Nikasema cha kufukuza nzi. Akamtazama fundi viatu, fundi viatu akatazama kiatu.

Nyumba hii, mjukuu wangu, unajua niliipataje. Kila tofali lina jasho la kiwanda cha nguo. Babu yako aliezeka, mimi nilifuma. Nilishaapa kwamba nitatoka humu nikiwa nimebebwa.

Haya, hospitali. Daktari alimwita baba yako chumbani, mimi nikaambiwa nikae kwenye benchi la korido. Chumba kile kina dirisha kubwa la kioo, limefungwa, hata nzi hapiti. Baba yako alinipa mgongo. Daktari alikuwa amenielekea mimi, kijana mwenye uso msafi, kidevu kimenyolewa kinang'aa, mdomo wake unafunguka na kufunga vizuri kama wa mtoto anayekariri. Mtu mwingine angekaa pale akahesabu vigae. Lakini bibi yako si mtu mwingine.

Ukumbi wa kufumia hukuuona, ulivunjwa kabla hujazaliwa. Mitambo ilijipanga mistari toka mlango hadi mlango, yote inapiga kwa pamoja, sakafu inatetemeka mpaka meno yanagongana. Humo hata ukipiga kelele mwenzako aliye bega kwa bega hasikii. Tuliosema humo tulisema kwa midomo. Unafungua kinywa, unatengeneza neno polepole, sauti hutoi, ya nini, na mwenzako aliye ng'ambo ya mtambo wa sita analisoma usoni mwako. Tulipashana habari zote humo. Tuliposengenya wasimamizi, walipita katikati yetu wanatabasamu. Babu yako alinichumbia humo, uzi umemkatikia mkononi, anatengeneza neno moja moja, na mimi nikamjibu kwamba kwanza afunge uzi wake. Kwa ulimi wangu na kwa kukata nyuzi wakaniita Mkasi. Hata baba yako alijifunza kusema kutoka kwangu nikiwa natoka zamu, mdomo bado uko kiwandani, umefunguka huu hapa. Ndiyo maana akawa anatamka kila neno likatoka na kingo zake. Unadhani kunadi alijifunzia wapi?

Basi kupitia kioo kile nilisoma kila kitu. Daktari alisema kitu kimeota kooni, kwenye kisanduku cha sauti, na si kitu kizuri. Alisema uvimbe umetoka hadi shingoni, na hizo ndevu haziwezi kuuficha zaidi. Hapo nilijishikiza kwenye benchi. Alisema lazima watoe, na wakitoa, sauti inakwenda nayo, atapumulia tundu la shingoni. Asipotoa, basi, akafungua viganja. Baba yako sikumwona uso, lakini daktari alikuwa na ile tabia ya kurudia anachoambiwa. Akarudia kwamba hataki? Akarudia kwamba mtu mwenye kazi ya sauti akitolewa sauti ni maiti inayotembea? Akamwambia hapana, watu wanaishi, kuna kifaa cha kubandika shingoni. Baba yako akatikisa kichwa. Daktari akauliza kama wamwite mama aliyekaa pale nje. Kichwa kikatikisika zaidi. Akauliza kuhusu binti. Akarudia kwamba sawa, binti asiambiwe mpaka amalize mitihani.

Wakageuka wote wawili kunitazama. Nikawatabasamia, kama kikongwe anayesubiri kupelekwa chooni.

Njiani baba yako alinionyesha chupa ya dawa, akaashiria kusukutua. Nikasema vizuri, asukutue.

Usiniulize nililalaje siku zile. Nilizaa watoto wanne, nikazika wawili, na huyu ndiye wa mwisho kunyonya. Nilikuwa namwona amebeba kifo chake ndani ya skafu, na mimi nimebeba ninachojua, kila mmoja anamtabasamia mwenzake. Nilijiambia nitamgombeza tu, kama nilivyomgombeza maisha yote. Lakini nilijua atanijibu nini, na jibu nililokuwa nalo mimi lilikuwa na bei. Bei yake ni nyumba hii.

Shangazi yako ndiye aliyemaliza subira. Alikuja alasiri moja na maboksi, amemleta baba yako amsaidie kunishawishi. Akaanza kukunja mapazia yangu kabla hajaketi. Nikamwacha akunje la kwanza. Alipofika la pili nikafunga mlango, nikamwambia akae, na kaka yake akae, leo nitasema mimi. Nikamwambia baba yako neno kwa neno alichoambiwa na daktari, toka kisanduku cha sauti mpaka tundu la shingoni. Shangazi yako alikuwa hajui. Alilidondosha pazia akashika kichwa. Macho ya baba yako yakawa yanauliza nani kaniambia. Nikasema daktari, kupitia kioo, kwa mtindo wa kiwandani.

Akaongea ndani ya kichaka, kwa muda. Shangazi yako akawa ananirudishia maneno ya kaka yake huku analia, na mdomo wa shangazi yako una rangi, unasomeka hata kutoka barabarani. Anasema, mama, ule ulikuwa mchezo wenu wa kupitisha zamu. Anasema, maneno mawili matatu juu ya mtambo ni sawa, lakini hakuna mtu anayeweza kuishi kwa kutazamwa mdomo. Nani atanielewa? Nitakuwa bubu, nitaashiria maji kama mtoto, watu watanijibu kwa kupiga kelele kama vile nimepotea akili. Anasema bora aende na sauti yake.

Niliyatazama maboksi. Nikalitazama jiko, kiti, kitambaa chekundu kwenye kitasa. Kisha nikasema.

Na wewe sasa weka kikombe chini, Kiherehere, nikuambie kama nilivyowaambia wao. Bibi yako ni kiziwi. Sisemi masikio mazito, sisemi uzee. Kiziwi, kama ukuta. Ukumbi ule wa kufumia ulinipa mdomo na ukanichukua masikio, nadhani uliona tumelipana. Haikuja siku moja. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba, ndege, filimbi ya birika, watoto. Wewe uliondoka mapema, mjukuu wangu. Sauti yako ya utu uzima siijui. Nilikuwa nimebakiwa na za wanaume, nazo zikafifia, babu yako akawa ananigusa bega kunionyesha nani anaongea, alijua, akanisitiri mpaka alipofariki. Sauti ya baba yako ilikuwa ya mwisho kutoka. Miaka imepita sasa. Hakuna aliyejua, kwa sababu nikimtazama mtu usoni namwelewa, na watu wanapenda bibi anayewatazama usoni, wanasema ana adabu ya kizamani. Simu haina uso. Ndiyo maana kila ukipiga, ninaoga. Fundi viatu ameoga kwa niaba yangu mpaka amechoka. Na kitambaa cha kitasani si cha nzi, ni ili kikitikisika nijue mlango umesukumwa. Sikusema, kwa sababu nilijua shangazi yako angekuja na maboksi siku hiyo hiyo. Lakini si hilo tu. Nilikuwa nimezoea kuogopwa. Sikutaka kuonewa huruma na watu niliowapangusa makamasi.

Nikamwambia baba yako hivi. Hiyo sauti unayoililia, unayotaka kufa nayo, mimi sijaisikia miaka na miaka. Na katika miaka hiyo sijakosa neno lako hata moja, mpaka ulipofuga hizo takataka usoni. Umeniuliza nani atakuelewa. Mimi ninakuelewa hivyo hivyo siku zote, ulikuwa hujui tu.

Hakuamini. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yake yanazunguka kama anatafuta mahali mimi nilipofichwa. Kisha akasimama akatembea hadi dirishani, akanipa mgongo. Mimi nikasubiri aseme. Nilitazama shati lake, nikaona mshono wa bega umeachia, nikawaza nitamshonea. Mabega yakapanda yakashuka. Nikaendelea kusubiri. Alipogeuka uso wote ulikuwa umelowa, mpaka kwenye kichaka. Shangazi yako aliniambia baadaye kwamba alikuwa ananiita. Aliniita mama, akaniita Mkasi, akatukana hata tusi moja ambalo nilishamchapia kiboko utotoni, kwa sauti yote aliyobakiwa nayo. Na mimi nimesimama nyuma yake nawaza mshono.

 Aliingia bafuni akachukua mkasi wangu wa cherehani na wembe wa babu yako. Alipotoka nilikuwa nimeyasahau mashavu yale jinsi yalivyo membamba. Na uvimbe ulikuwepo, upande wa kulia, chini ya taya, kama amemeza kokwa likakwama. Niliugusa.  Shangazi yako akatazama pembeni.

Halafu, mjukuu wangu, sikudanganyi, alilichukua lile birika langu lililoungua, akapanda juu ya boksi la shangazi yako, akaanza kuninadia. Bila sauti. Hata pumzi hakutoa. Birika la kihistoria, limepikwa mara moja likaiva lenyewe! Birika la mama mwenye nyumba, halipigi filimbi, halisengenyi, halina siri! Nani ananipandishia? Neno kwa neno, na kingo zake zote, kama nilivyomfundisha nikitoka zamu. Nikanyanyua mkono nikapandisha bei. Akanidharau, akasema kwa bei hiyo nitapata mfuniko tu. Nikapandisha tena. Nikamtukana kidogo. Shangazi yako amekaa katikati ya mapazia anatuangalia, hasikii chochote, anaona tu watu wawili wazima wanachezesha midomo na kucheka machozi yanawatoka, akasema sasa amechanganyikiwa nani humu ndani.

Amekubali kwenda kukatwa. Usifurahi haraka. Daktari hakuahidi kitu, alisema tumechelewa, alisema watajitahidi, na ninajua midomo inavyokaa mtu akisema hivyo. Nyumba hii naiacha. Siendi kwenye stoo ya shangazi yako, kamwe, nimemwambia akaweke humo maboksi yake. Nahamia kwa baba yako. Yeye atasikia mlango, mimi nitamsikia yeye. Fundi viatu amesema atahamisha kibao chake hadi kule, anadai wateja wamemwishia hapa, muongo, ana viatu mpaka juu ya paa. Kitambaa chekundu nimekwisha kukifungua, nimekivika kishikio cha birika, kinazuia mkono usiungue. Nacho hakikuuliza mbona kazi imebadilika.

Ndipo nikaurudia ule ukurasa wako wa mataya. Sikulelewa kuomba msamaha kwa mjukuu, sitaanza leo, lakini nilicheka mapema. Kule kiwandani tulisomana midomo tupate kusengenya. Hatukujua tunafuga nini. Masikio yalipokufa kazi ile ikanikuta hapo, na sasa mwanangu anakatwa sauti, na imemkuta yeye. Umesema vimifupa vilitoka kwenye taya vikaenda sikioni. Basi waambie walimu wako kwamba kwa bibi yako vimerudi nyumbani, ninasikilizia taya za watu. Lakini usiwaambie ni jambo zuri. Ningekuwa na uchaguzi ningetaka masikio yangu, na koo la mwanangu, na kiwanda kikafie mbali.

Baba yako amenikataza nisikuandikie. Nimemtazama usoni nikamwelewa vizuri sana, nikaandika. Mitihani itakungoja, haina uvimbe. Daktari amempangia wiki ya mwisho ya mwezi huu, na nataka uwe hapa kabla ya hapo. Sikuiti uje kulia, wa kulia tunatosha. Nakuita kwa sababu wewe una masikio. Kaa naye, muache aongee, hata kama sauti imekwaruza, hata kama anakugombeza kwa kuacha shule. Mwambie akunadie kitu chochote. Mimi niliachwa na sauti ile siku ambayo siijui, labda nilikuwa naosha vyombo, sikuiaga. Isikilize kwa ajili ya watu wawili. Kisha uje ukae mbele yangu, mahali penye mwanga, usile kitu, usizibe mdomo kwa mkono, unieleze polepole ilikuwaje.

Shangazi yako anakusalimu, fundi viatu anakusalimu tena, na baba yako anakusalimu bila kujua. Vaa sweta njiani. Usipige simu kusema unakuja, ninaoga.

Ni mimi bibi yako,
Mkasi